Banda la Kuku Nyuma ya Meko

Kuku wangu wanataga Julai. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Voi nikiwaambia hawaamini, na majirani zangu wa Mwanda, ambao wanajua ni kweli, wanajifanya hawakusikia. Julai huku juu milimani ni mwezi ambao ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Nguo ukizianika Jumatatu, Alhamisi bado unazigeuza. Kuku wa watu wengi husimama kwa mguu mmoja chini ya ukingo wa paa, manyoya yamewavimba, wanangoja Septemba. Wangu wanataga. Na nikisema wangu nasema wa mama yangu, ambaye akinisikia nikiwaita wangu atanirekebisha mbele ya wageni.

Mimi ni mtu wa Voi. Nilizaliwa huku Mwanda, sawa, lakini niliteremshwa mdogo. Familia nyingi za Kitaita zina shamba mara mbili: kipande cha mlimani kwenye matuta yaliyozuiwa kwa mawe, na kingine huko chini kwenye joto. Mvua ikikosa chini, mtu anapanda kutafuta viazi na ndizi. Maisha yakibana juu, anashuka. Baba yangu alishuka akapenda. Alijenga Voi, akazeekea Voi, na alipofariki mama akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vingi. Kaka yangu mkubwa akamchukua akae kwake.

Nyumba ya kaka ni nzuri, sitaki mtu aseme nimemsengenya. Ina vigae, ina tangi la maji, feni kila chumba. Tatizo la nyumba ile lilikuwa neno moja: pumzika. Mama, pumzika. Mama, acha hiyo, msichana ataosha. Mama, keti hapa kwa upepo. Mtu aliyelima maisha yake yote, mgongo wake unajua jembe kuliko unavyojua kitanda, akawekewa kiti cha plastiki kwenye veranda akitazamana na geti. Akisema na wajukuu kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, wanamjibu kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochanganywa, kisha wanarudi kwa simu zao. Siku baada ya siku sahani yake ilikuwa inarudi jikoni na chakula karibu chote. Alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, na kila mtu alikuwa na adabu sana asiseme kitu.

Siku moja akasema, "Nirudisheni kwetu."

"Kwenu ni wapi, mama?" kaka akauliza, ingawa alijua.

"Mwanda."

Kaka akasema baridi ya Mwanda itamuua. Mama hakubishana. Alinyamaza tu, na mama yetu akinyamaza, nyumba nzima inapoteza hamu ya kula pamoja naye. Mwishowe nikajitolea. Mume nilikuwa naye, tukaachana, hiyo si habari ya leo. Watoto wangu ni watu wazima. Nilichokuwa nacho Voi ni chumba cha kupanga na kuku uani, kuku wengi na wazuri, ambao niliwauza mahotelini na kwa watu wa harusi. Nikasema kuku nitaenda nao, mama nitaenda naye, tutaishi.

Kaka alikubali kwa shingo upande, na akaweka sharti. Baridi ikiingia, atapanda mwenyewe mwezi wa Julai kumwona mama. Akimkuta anakohoa, mama anaingia garini siku hiyo hiyo, anarudi Voi, na habari za Mwanda zisisikike tena nyumbani kwake. "Na wewe usije ukaniletea maneno," akaniambia. Mama alikuwa ameketi pale pale, tukimzungumzia kama kabati linalohamishwa.

Tulipanda Februari, jua likiwa bado linadanganya. Nyumba ya zamani ilikuwa imesimama, na jiko lake la udongo kando, lakini miti haikuwepo. Ndugu aliyeachiwa shamba alikuwa ameikata yote iliyozunguka boma, akabakisha mikaratusi tu kule bondeni, ile inayokunywa maji ya watu. Upepo unaotoka tambarare ulikuwa unapanda mlima bila kizuizi na kutupiga uso kwa uso. Mama alisimama uani akaangalia pale palipokuwa na miti, akasema jina la kila mmoja kwa Kidawida, kama mtu anayeulizia wazee wa kanisa waliofariki akiwa safarini. Kisha akaingia ndani.

Mimi nikaanza na banda la kuku. Hapo nilikuwa na majivuno, na kwa haki kabisa, kwa sababu Voi hakuna wa kunifundisha mambo ya kuku. Voi adui wa kuku ni joto. Banda unaliinua juu ya nguzo, paa unaliweka juu, pande zote unazungusha waya tupu ili hewa ipite, na mchana wa Machi unatundika magunia yaliyoloweshwa. Nikajenga hivyo hivyo. Banda refu, la waya, lenye hewa, juu ya nguzo, katikati ya ua. Lilikuwa banda zuri. Ukiliona Voi ungelipiga picha.

Jirani yangu, mwanamke anayelima kabichi na mboga nyingine kwenye tuta la chini yetu, alipanda kuja kuliona. Alilizunguka mara moja, jembe begani.

"Dada, hii tenti ni ya harusi ama ya matanga?"

"Ni ya kuku. Kuku wanataka hewa."

"Hewa ni mingi huku," akasema. "Hiyo haukuwa na haja ya kujengea."

Mama, ambaye alikuwa amejifunga leso mbili na sweta, akaelekeza kidevu upande wa tambarare. "Upepo unatokea kule," akasema. Nikamwambia, mama, mambo ya kuku niachie mimi. Akaniachia.

Kisha nikapanda miti. Nilikuwa nimebeba miche kutoka Voi, miembe na miarobaini, kwa sababu kuku wanataka kivuli. Naomba msomaji asimame kidogo hapa kama jirani alivyosimama. Kivuli. Mwanda, mahali ambapo watu wakiona jua wanatoa viti nje. Yule mwanamke alicheka mpaka akashika ua asianguke, na ua wenyewe ulikuwa mbovu, ukaanguka naye.

Mvua ndefu zilipoanza tulikuwa na vifaranga wa wiki chache niliokuwa nimewapandisha kutoka Voi ndani ya katoni. Mvua ya Voi inapiga kelele kisha inakwisha. Ya Mwanda inanyesha polepole na upepo unaisukuma ikae ubavu, na waya wangu ukaipokea kwa mikono miwili. Asubuhi nilipofungua banda nilikuta vifaranga wamerundikana kona moja wakitafuta joto. Wa chini walikuwa wamekufa kwa kukanyagwa, wa juu kwa baridi. Kuku wakubwa walikuwa wanakoroma, macho yamevimba, pua zinatoka kamasi. Niliwazika wale wadogo chini ya mwembe mmoja, ambao majani yake tayari yalikuwa yamebadilika rangi, na sikutaka mtu anione.

Lakini Mwanda kuna macho, na macho yana simu. Kabla ya saa sita kaka alikuwa amesikia, akanipigia.

"Kuku wamekufa?"

"Vifaranga. Wakubwa watapona."

"Wewe umefuga kuku maisha yako yote," akasema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kama kuku wenyewe wamekushinda kuwaweka hai huko, mama je?"

Nikakata simu nikaingia jikoni nikalia. Nililia kwa hasira kuliko huzuni. Nilijua kifua cha mama si kikubwa kuliko cha kuku. Nilianza hata kupanga kichwani nitafunga vitu gani kwanza.

Mama alikuwa amesikia. Simu yangu ina sauti ya kusikika hadi mjini Wundanyi. Aliingia jikoni, hakunifariji hata kidogo, akanishika mkono kama mtoto na kuuweka bapa kwenye ukuta nyuma ya meko. Moto wa usiku ulikuwa umezimika kitambo, lakini udongo ulikuwa bado na joto, joto zuri la mkate uliofunikwa.

"Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu. Nje tu."

"Kuku watalala hapo. Bomoa ile tenti."

Hata yeye aliiita tenti.

Tulibomoa siku ile ile. Banda jipya lilijengwa likiegemea ukuta wa jiko kwa nje, na kila kitu nilichokijua kuhusu mabanda kiligeuzwa. Voi banda ni kubwa ili kuku waachane; mama alitaka dogo, ili kuku wagusane. Voi paa liko juu. Mama aliliteremsha mpaka nikawa naingia kwa magoti. Waya tuliutumia kwenye kidirisha kimoja tu chini ya paa, upande usio na upepo, ili unyevu utoke. Mlango ukaelekea mlimani. Kuta tulizikandika kwa udongo, na mama alivua viatu akaukanyaga udongo mwenyewe, leso imekunjwa hadi magotini, na laiti kaka angemwona tungemzika yeye kwa mshtuko. Sakafu ikawa maranda kutoka kwa fundi seremala wa barabarani, na jivu juu yake, na kila jioni tulisukuma gogo moja nene ndani ya meko lifuke polepole mpaka asubuhi. Ukuta ukawa blanketi la kuku.

Jirani alipanda na ndoo ya samadi ya ng'ombe ya kusiriba. Alikuwa amekuja kucheka, nadhani, lakini mama alimwamuru ashike upande ule, na yeye akashika. Waliongea Kidawida mchana kutwa. Kidawida cha mama kilikuwa kimekaa kimefungwa kwa muda mrefu sana hivi kwamba kilipofunguka kilitoka na vichekesho ambavyo siwezi kuviandika hapa. Jioni ile alikula kimanga sahani nzima, maharagwe na muhogo na ndizi zilizopondwa pamoja, akaniuliza kama kimebaki.

Ndipo ikaja zamu ya miti. Mama alitembelea kila mche wangu wa Voi kama mwalimu mkuu anayekagua sare. Miarobaini ilikuwa imesimama kama watu walioadhibiwa. Aliing'oa mmoja mmoja na kuitupia mbuzi wa jirani, ambao waliinusa wakaenda zao. Miembe aliiacha, kwa dharau. Mpaka leo iko, mirefu kama goti, haijawahi kutoa hata ua.

Tulikwenda pamoja kwenye kitalu cha miche kule Wusi, na huko ndiko nilikoona mama yangu niliyekuwa nimemsahau. Mwenye kitalu alimletea miche mirefu, mizuri, ya kupendeza. Mama aliirudisha. Alitaka mifupi, yenye shina nene na majani machache. "Huu mrefu umelelewa kivulini," akasema, "upepo wa kwangu utauvunja wiki ya kwanza." Alisema upepo wa kwangu kama mtu anavyosema ng'ombe wangu mkali. Alichagua migrevilea ya kusimama mstari wa nje kwa sababu inakua haraka, na ndani yake miti ya asili, ile ile aliyokuwa ameitaja majina siku tuliyofika. Hiyo ilikuwa midogo kama vidole. Nikamwuliza itakua lini. "Itakua wakati ile mingine imechoka," akasema, na tukapakia.

Kuku na mche havipatani, hilo nililijua hata Voi. Ukiweka majani makavu kwenye shina ili udongo usikauke, kuku anasikia minyoo chini yake, anakuja kuchakura, na ukirudi unakuta mizizi imeanikwa juani. Mama alichukua mawe bapa yaliyokuwa yameporomoka kutoka matuta ya zamani, akazungushia kila mche kama sahani iliyotobolewa katikati. Kucha za kuku ziligonga mawe, zikahamia pembeni, na huko pembeni kuku wakala wadudu wanaokata miche usiku. Jioni tulikuwa tunawafungulia makusudi wapite kati ya mistari. Nilipotaka kutia mbolea yao mashinani, kama nilivyozoea, mama alinizuia, lakini si mapema vya kutosha. Ile michache niliyoitilia iliungua majani. Mbolea ya kuku Voi inakauka haraka na kuwa unga. Hapa inakaa mbichi, inachemka yenyewe wiki nyingi. Tukaanza kuirundika chini ya majani ya migomba na kuisahau.

Juni ukungu ulipofika, ulifika kweli. Kuna asubuhi nilikuwa nasikia jirani akikohoa na kumsalimia bila kumwona. Nilikuwa natoka kila alfajiri, napiga magoti mbele ya kile kimlango, na kila alfajiri hewa ya joto ilinigonga usoni ikiwa na harufu ya maranda na manyoya. Kisha mayai yakaanza. Nilipoliona la kwanza nilimwita mama kwa ukelele mkubwa hivi kwamba jirani alikuja mbio akidhani kuna nyoka. Akalitazama yai, akanitazama mimi, akalitazama banda. Juma lililofuata tulimsikia akigonga misumari nyuma ya jiko lake. Niliimba tu, kwa sauti ya kutosha.

Na mama alikuwa mzima. Alinenepa mashavu. Aliamka kabla yangu. Nilianza kuingoja Julai kwa hamu, nikimfikiria kaka akisimama uani hana la kusema.

Basi siku mbili kabla ya kaka kufika, mama akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha asubuhi. Nilichemsha tangawizi, nikakamua ndimu, nikatia asali, nikamfunga shingo, nikamfungia ndani, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Jioni kilikuwa bado kipo. Nikamwambia nitampigia kaka nimdanganye kwamba barabara imeporomoka.

"Mwache aje," mama akasema. "Kwani nimeiba?"

Kaka alikuja mchana wa Jumamosi. Aliacha gari barabarani akashuka njia yetu ya utelezi kwa viatu vyake vya kazini, akishika matawi. Nilikuwa nimepanda kumpokea, na niliona ndani ya gari kiti cha mbele kimelazwa tayari, na blanketi mpya zimepangwa juu yake, bado ziko kwenye nailoni zake. Mama alikuwa tuta la juu, amevaa gambuti, anachimba shimo. Aliteremka kumlaki mwanawe, akafungua kinywa kumsalimia, na badala ya salamu kikatoka kikohozi.

Kaka alinitazama. Hakuwa na furaha ya kushinda, nampa haki yake. Alikuwa na hofu.

"Mama, tulikubaliana," akasema.

"Mlikubaliana nyinyi wawili."

"Unakohoa. Twende nyumbani. Nimekuletea blanketi."

"Siwezi kwenda leo," mama akasema. "Nina kuku analalia."

Mtu wa kwingine angecheka. Kaka hakucheka, kwa sababu amelelewa na mama yule yule. Nyumbani kwetu, mkono uliomwekea kuku mayai ndio utakaowatoa vifaranga. Hauruhusiwi mwingine. Ukimwatamisha kuku husafiri, hulali ugenini, na misiba yenyewe utaihudhuria mchana urudi. Sijui kama ni desturi ya Wataita wote au ya mama na nyanya tu, lakini tulipokuwa wadogo hakuna aliyewahi kuivunja, na kaka, na elimu yake yote na feni zake zote, alisimama pale akasugua paji la uso.

"Wanatotoa lini?"

"Jumatatu. Pengine Jumanne."

"Nitangoja," kaka akasema. "Wakitoka tu, tunaondoka."

Na alingoja kweli, kichwa ngumu kama aliyemzaa. Alilala chumba cha mbele na sweta juu ya sweta, soksi zangu miguuni. Jumatatu asubuhi alimpeleka mama hospitali Wundanyi. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi, hii ni homa ya msimu tu. Akauliza kama mama anakula, anatembea, analala. Vyote ndiyo. "Na hii baridi, daktari?" kaka akauliza. Daktari akakohoa kwenye kiwiko chake, akasema, "Hata mimi niko nayo." Mama alifurahi sana na daktari yule. Kaka hakubadilika. Kikohozi ni kikohozi, alisema njia nzima ya kurudi. Leo mafua, kesho nimonia. Mimi nilikuwa nyuma nimekaza midomo, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisilete maneno, na kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba amekosea. Kama mama angezidiwa usiku, ni mimi ningekuwa naye, na barabara ile, na ukungu ule.

Vifaranga walitoka Jumanne. Mama alipiga magoti penye kimlango, akaingiza mkono chini ya kuku, ambaye alimdonoa kwa wajibu tu, na akaanza kuwatoa mmoja mmoja wakiwa bado na unyevu. Alimpa kaka wa kushika. Kaka alikunja viganja akawapokea, mtu mzima na saa yake ya dhahabu, akazuia pumzi asiwapeperushe. Mayai yalikuwa yametotoa karibu yote. Katikati ya Julai, Mwanda! Niliona fahari mpaka nikaona aibu, nikaenda kujishughulisha na kuni.

Kaka aliwarudisha vifaranga chini ya mama yao, akafuta mikono.

"Haya, mama. Wameshatoka. Twende."

Mama alisimama polepole, akashika kiuno. Nilidhani atatafuta kisingizio kingine, na nadhani nilikuwa naomba akitafute. Hakutafuta.

"Kwanza nimalize lile shimo," akasema. "Nisaidie. Limenichosha."

Wakapanda tuta la juu, nami nikafuata. Shimo lilikuwa nusu. Kaka alivua koti akachukua jembe, akachimba vibaya, kama mtu wa ofisi, na mama akimrekebisha kila pigo. Kando yake kulikuwa na mche wa mparachichi, mfupi, shina nene. Mama alitia mbolea iliyooza vizuri, akachanganya na udongo, akashika mche wima huku kaka akijaza. Akapanga mawe bapa kuuzunguka. Viatu vya kaka vilikuwa havitambuliki tena.

"Huu utazaa lini?" kaka akauliza, akipumua.

"Wanasema miaka minne. Huku kwa baridi, tuseme mitano, sita."

Kaka akatabasamu, lile tabasamu la upole ambalo watu huwapa wazee. "Vizuri, mama. Wajukuu watakula."

Mama akamgeukia kama aliyetukanwa.

"Wajukuu wapande yao," akasema. "Haya ni yangu mimi. Nayapenda na chumvi."

Huyu ndiye mama ambaye Voi alikuwa amekataa kununuliwa viatu vipya vya kanisani. Kaka alikuwa amempeleka dukani mwenyewe, na yeye alikuwa amevirudisha kwenye rafu akisema vya nini, atavivaa mpaka lini. Kaka alikuwa amenisimulia hayo mara mbili, na mara zote mbili sauti yake ilikuwa imekatika njiani.

Alisimama na jembe mkononi akimwangalia. Mama alikuwa ameshainama tena, anakandamiza udongo kwa viganja, anakohoa kidogo, anaunung'unikia ule mche kwa Kidawida. Hakuwa anangoja jibu la mtu. Kaka aliliegemeza jembe kwenye jiwe, akapanda njia mpaka barabarani, na nikasikia mlango wa gari ukifunguka. Nilidhani anawasha injini kulipasha gari joto.

Aliteremka akiwa amebeba zile blanketi zote, zimemziba uso, akitafuta njia kwa miguu. Alinipita bila kunitazama, akaingia chumbani kwa mama, na nikamsikia akizichana nailoni, akitandika kitanda.